Tamthilia Ninayomtafsiria Bibi

Mama yangu uliye mbali,

Huku tu wazima. Baba bado anaingia zamu ya usiku, na cherehani ya shangazi imetengenezwa.

Kila jioni tunatazama tamthilia ya kigeni ya mapenzi, na mimi ndiye mkalimani wa bibi. Kuna mke aliyeondoka na bwana mwingine. Mumewe naye ana vimada, lakini bibi humcheka tu: "Mtundu huyu." Mke ndiye anayesemwa. Juzi shangazi aliacha kushona akasema, "Hana haya. Akirudi afungiwe mlango." Nikainamisha kichwa. Wewe uliondoka hivyohivyo, na humu ndani hutajwi.

Basi nikaanza kudanganya. Mke akisema amefurahi alipo, mimi nasema, "Anasema hapati usingizi, anawakumbuka." Shangazi akaguna, "Mbona anacheka?" Nikamwambia wenzetu wa huko hucheka hivyo wakiwa na uchungu.

Jana bibi akaniuliza, "Kwani huyu hana mtoto?"

Hana. Nikajibu, "Anaye, bibi. Wa rika langu."

Matangazo yalipoanza, bibi akapunguza sauti ya runinga. Kisha akasema, "Basi na arudi. Nitamgombeza, lakini chakula chake kitakuwepo."

Alisema "nitamgombeza", Mama, na alikuwa ananitazama mimi, siyo runinga. Shangazi hakubisha, alirudi kushona.

Kwa mdomo nisingeweza kukwambia haya. Njoo. Maneno ya bibi nimeyaandika kama alivyoyasema, sijaongeza kitu.

Mwanao, ambaye bado analala upande wako wa kitanda