Wenza Ndio Sisi

Jumanne, mwishoni mwa Mei. Jua limewaka kutwa nzima na tope la barabarani limeanza kugeuka vumbi. Nimerudi nyumbani sina hamu ya chakula wala ya mtu.

Kwa mgeni wa blogu hii: mimi ni muuguzi katika zahanati ndogo huku tambarare za Kilosa, mbele ya Tindiga. Kati ya kazi zangu ni uzazi wa mpango.

Sera ya serikali, ilivyoandikwa, sina ugomvi nayo. Huduma ni bure. Mwanamke anajiamulia mwenyewe, na mwongozo haudai ruhusa ya mumewe. Sawa, upepo wa wakubwa hubadilika. Mara tuambiwe tuhamasishe, mara tuambiwe tupunguze sauti, na vijiti vya kuweka mkononi navyo huja vinapojisikia. Vikiisha tunawaelekeza akina mama Kilosa mjini au Mikumi, na nauli ya huko sijasikia anayeiita bure. Lakini hayo tumeyazoea.

Shida iko kati ya karatasi na dirisha letu. Kliniki ya wajawazito tunahimiza baba aje apimwe pamoja na mama, jambo jema kabisa. Mganga mfawidhi, yaani mkuu wetu wa zahanati, akalihamishia na kwenye uzazi wa mpango. Anaogopa waume wenye hasira, na woga wake naujua ulikotoka. Akabandika tangazo: "Njoo na mwenza wako."

Mwenza ni neno la semina. Tunalipenda kwa sababu linawachukua wote, walio na ndoa na wasio nayo.

Leo asubuhi wameingia akina mama wawili. Mdogo namjua, Mama Zuhura, ana mtoto wa miezi saba mgongoni. Mtoto huyo alizaliwa kwa upasuaji, na daktari alimwonya mama asishike mimba nyingine upesi, mshono usije ukaachia. Yule mkubwa sikuwahi kumwona. Nimempa shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi wima kama shahidi mahakamani. Nikamuuliza kama amemsindikiza mgonjwa.

"Tumeambiwa tuje wenza," akasema. "Wenza ndio sisi."

Nimecheka, nisiseme uongo. Kumbe huyo ndiye mke mkubwa, na kwa watu wa huku ukisema mwenza umesema mke mwenza, basi. Nilipowaeleza tulichokusudia, nao wakacheka. Mume wao wala hakuwa na kinyongo. Ndiye aliyetoa nauli ya bodaboda, akinung'unika tu kwamba serikali sasa imeamua kusuluhisha hadi wake zake. Hakuna aliyemwambia kuwa anayetakiwa ni yeye.

Kisha nikauliza waliambiwa lini.

Machi. Mama Zuhura alikuja peke yake, akapimwa, akakutwa hana mimba, na vijiti vilikuwepo kabatini. Aliyekuwa zamu akamwambia arudi na mwenza. Mke mkubwa anaishi na kulima kijiji kingine, Kisanga. Masika ikaharibu njia, na mvua ilipopungua ikaingia kazi ya kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga, ambayo haina mapumziko. Mama Zuhura akasubiri. Hakukaidi, hakupuuzia. Alifanya vilevile alivyoambiwa.

Nimemwambia leo hahitaji kuja na mtu yeyote, kijiti namwekea mwenyewe, na mfawidhi akitaka kugomba nitagombezwa mimi. Kipimo tu kwanza, kama ilivyo taratibu.

Mistari miwili.

Nimefungua kipimo kingine, nikarudia. Mistari miwili tena. Tangu ajifungue hajaona siku zake, alidhani ni kunyonyesha, kwa hiyo hakuwa na namna ya kujua.

Hakulia. Alimshusha mtoto mgongoni akamweka mapajani, akawa anamnyooshea nguo ambayo haikuwa imejikunja. Mke mkubwa akamuuliza jambo kwa lugha ya kwao, taratibu, naye akatikisa kichwa. Halafu Mama Zuhura akanigeukia.

"Ile Machi, ningekuja na Baba Zuhura, ningewekewa?"

Ningeweza kumzungusha kwa maneno, tumefundishwa mengi. Nikamwambia ndiyo, ungewekewa.

"Mngesema mume," akasema.

Mchana nimemweleza mfawidhi, akasema ni kutoelewana kwa lugha tu, hutokea. Nina hasira ambayo sikuijua kama ninayo. Sera haikumzuia yule mama. Mumewe hakumzuia. Kijiti kilikuwepo. Aliyezuia ni sisi, kwa sharti ambalo hatukutumwa na mtu kuliweka, tukaliandika kwa neno ambalo lilimpeleka kwa mtu mwingine.

Kesho nawahi kazini kubandua lile tangazo kabla mfawidhi hajafika. Atakalosema nitalisikiliza nikiwa nimeshalichana. Kisha nitampeleka Mama Zuhura Kilosa, daktari aanze kumwangalia mapema. Kwa hesabu yangu atajifungua karibu na mwaka mpya. Mshono wake utakuwa haujamaliza hata mwaka mmoja na nusu.