Mgeni wa Gari la Odyek

Kawempe, Jumapili

Shangazi Nabangala mpenzi,

Bado nausikia ule mlio wa chuma: kacha! Mlinzi alikuwa akifunga pingu kwenye gurudumu la gari la Odyek, jirani anayetupeleka kazini mimi na Babra. Sisi ndio tuliomsihi aegeshe mbele ya ghala la mtu pale Kalerwe, tununue mananasi. Alituonyesha kibao cha katazo, tukamwambia, "Dakika mbili tu." Mwenye ghala akadai faini ndipo afungue.

Nilisema tuchange sote. Babra alicheka. "Gari lake, faini yake. Au wewe Valarie umeolewa na gari?"

Odyek alilipa yote. Nilipotoa fungu langu, aliurudisha mkono wangu taratibu. "Mgeni wangu halipi," alisema.

Shangazi, neno hilo limenikaa kifuani wiki nzima. Mafuta ya gari tunachanga kila Jumatatu bila kelele. Kwa nini kosa letu sote liwe lake peke yake?

Mimi ni mzima. Paa limezibwa, na mananasi yalikuwa matamu kweli.

Uliniuliza kama kuna mtu moyoni mwangu. Jana nilikwenda kwao Odyek, nikampa fungu langu la faini mbele ya mama yake, nikamwambia sitaki tena kuwa mgeni wake. Mama alinitazama, kisha akaenda kuongeza maji kwenye birika la chai. Odyek alizipokea pesa zangu.

Mwanao,
Valarie