Jalada Langu Lililokaa kwa Mkuu

Dada yangu,

Sisi wazima. Wifi yako anasema kwa miwani yangu mipya nafanana na profesa aliyefukuzwa kazi.

Uliuliza nimechagua chuo gani cha uzamili wa utawala wa umma. Miezi mitatu nililinganisha kozi, nikachagua ya jioni, maana mchana nalinda masjala. Maelezo yote nikayatia kwenye jalada, nikampelekea mkuu wangu aniandikie ruhusa.

Jalada lilikaa kwake wiki sita. Nikiuliza, ananijibu, "Subiri, mzee wangu, haraka ya nini?" Juzi lilirudi, siku moja baada ya maombi kufungwa. Ameandika juu yake: "Kozi nzuri. Nimejiunga mimi. Idara inaruhusu mtu mmoja."

Kwa hasira niliinuka ghafla, chai ikanimwagikia suruali. Halafu akaniita huku anacheka, "Mzee wa mafaili, utanisaidia insha ya kwanza. Inahusu haki kazini."

"Naam, bosi. Mifano ninayo."

Dada, mimi ndiye ninayeandika daftarini kila jalada limeingia kwa nani na limetoka lini, na kila mara yeye hutia saini. Leo asubuhi nimetoa nakala ya ukurasa wenye saini yake kwa jalada langu, nikaipeleka chuoni mwenyewe pamoja na maombi yangu, waone nani alinichelewesha. Kazini wanifukuze wakitaka.

Na wewe usiniandikie tena nivumilie. Uvumilivu wenu ndio ulioniotesha mvi.

Ni mimi kaka yako, profesa wa masjala