Waulize Waliombebea Mpira

Mjukuu wangu Baraka,

Nisamehe nimechelewa kukujibu. Mwanangu aliugua, na hapa Guangzhou niko peke yangu na mizigo ya nguo za biashara. Mimi ni bibi yako wa ukoo tu, nimekupita miaka michache, lakini nisikilize.

Umeuliza umfuate kocha wa chuo gani huko Marekani, wewe mkimbiza mpira wa Kimarekani, ule wa kubebwa mikononi. Shuleni mwalimu wa mbio aliniita “farasi wangu”, akanikimbiza kila shindano. Goti lilipovimba akasema, “Leteni mwingine.” Basi usihesabu vikombe. Kwa kila kocha, watafute waliombebea mpira zamani, uwaulize kama magoti ni mazima na kama kocha bado anawapigia simu.

Nitumie jina la utakayemchagua, dawa ya kikohozi ya watoto, picha yako, na kanda yenye sauti yako. Mwanangu hajasikia Kiswahili cha mtu mwingine ila mimi.

Bibi Neema