Kuku wa Gerejini

Alhamisi, 16 Oktoba
Shifti nzuri leo. Nimekanda unga wa vitafunio vya Diwali na Ba, mama mzee ninayemtunza hapa Sterling, ughaibuni. Alizaliwa Kisumu, Kiswahili anacho cha kwake: "Wewe nakanda kama mama yangu!" Nilifurahi mpaka nikaona haya. Kwa dini yake hali nyama, hali yai, hata kitunguu. Kabatini karibu na jiko amemweka mungu wake, analishwa kabla ya watu. Mimi nyama yangu nakulia kwangu Herndon. Nyumba ya mtu ina sheria zake.

Ijumaa, 17 Oktoba
Nina hasira hata kuandika siwezi vizuri! Nilesh, mwanawe Ba, hula kuku gerejini, nyuma ya gari, kwa siri. Leo baridi imemshinda, akapasha mabawa yake kwa mikrowevu ya jikoni. Ba akanusa, akauliza kwa Kigujarati. Nilesh akaninyooshea kidevu. Mimi!
"Wewe nakula kuku mbele ya mungu yangu?"
Nikasema si mimi, Ba. Nilesh akacheka, akasema kwa Kiingereza eti tusigombane kwa sababu ya lunch. Bosi mzima wa mainjinia, anamwogopa mamake hivi!
Na mimi ni Mluhya, sisi tunaosifika kwa kupenda kuku. Nani atamwamini Mluhya akikana kuku?

Jumamosi, 18 Oktoba
Ba amekataa chai yangu. Vitafunio vya juzi amevitupa. Vyote.

Jumapili, 19 Oktoba
Hetal, mke wa Nilesh, amenivuta kando penye nguo za kufuliwa. Eti nibebe tu lawama hii — mama ni wa zamani, akijua ataugua, na Diwali ni kesho. Si nakula nyama anyway?
Nikamwambia: kula si aibu. Kuitwa mwongo ndiyo aibu. Huyo wa zamani anaishi anavyosema. Nyinyi wa kisasa mnajificha nyuma ya gari!
Nikampelekea Ba maji. Akapokea, asinywe. "Violet. Nani nakula kuku?"
Nilesh alikuwa mlangoni. Kiswahili hajui, lakini uso ulimbadilika.
"Muulize mwanao, Ba. Kwa lugha yenu."
Akamwita ndani. Mlango ukafungwa.
Niko kwenye ngazi, naandika. Nilesh ameongea, ameongea — sasa ni sauti ya Ba tu. Hetal ananiuliza wanasema nini. Mimi! Mwenye Kigujarati ni yeye — na hataki kusogea mlangoni.