Flashi Iliyokuwa Ikiwaka Yenyewe

Jumapili, Julai. Saa kumi jioni. Sumbawanga kuna jua la kudanganya na upepo wa kung'oa bati.

Nimechoka. Ningeishia hapo, lakini nikikaa kimya nitasinzia na viatu miguuni, kwa hiyo acha niandike.

Nimefunga mlango wa studio maana vumbi linaingia mpaka kwenye lenzi. Nimevaa sweta mbili na kitenge juu yake. Jamaa wa Dar anayeniuzia vifaa kwa simu hucheka nikimwambia huku kuna baridi. Aje asimamishe stendi ya flashi kwenye uwanja wa kanisa mwezi huu, ashike na mwavuli wake wa kulainisha mwanga, halafu tuongee.

Wiki mbili hizi nimekuwa mwongo.

Nimemdanganya bibi mmoja wa Msanzi, mtu mzima wa kumzaa mama yangu. Kila akipiga, kwa simu ya kuazima kwa jirani, namwamkia kwa sauti tamu, halafu namwambia picha bado zinasafishwa, avumilie kidogo. Yeye anajibu, "Haya mwanangu, pole na kazi." Hiyo pole ndiyo inayonimaliza. Hakuna kinachosafishwa. Picha yake sina.

Ilikuwa kipaimara kule Mwimbi. Kanisa limejaa, watoto wamepanga foleni, kila mmoja na msimamizi wake nyuma, mkono begani. Paroko aliruhusu wapiga picha wawili tu karibu na altare, wengine wote wakabaki nje. Mimi nilisimama upande wa kulia. Kushoto alikuwa Mzee Denisi, aliyenifundisha kazi hii miaka hiyo, tena kwa ukali. Flashi yangu niliisimamisha kwenye stendi, mbali na kamera, ili mwanga uje kwa pembeni na uso upate umbo. Juu ya kamera nilikuwa na triga, kile kidude kinachoiambia flashi iwake bila waya.

Mbele ya Askofu mtoto anapata kufumba na kufumbua tu. Dole gumba lenye mafuta ya krisma kipajini, maneno mawili matatu, basi, mwingine. Huwezi kumwambia Baba Askofu samahani, turudie.

Vituko vidogo vidogo ilikuwa navyo kwenye sherehe, picha narudia tu, lakini siku hiyo flashi yangu iliingiwa na wazimu. Inawaka wakati sijabonyeza. Nikibonyeza mimi, kimya. Nikajua ni betri, nikabadilisha. Nikajua ni baridi, nikaipasha kwapani kama kifaranga. Watoto wengine niliwapata, wengine nikawakosa. Kati ya niliowakosa yumo Felista, mjukuu wa huyo bibi. Bibi mwenyewe ndiye aliyekuwa msimamizi. Mama wa mtoto yuko kazini Mbeya, hakupewa ruhusa, kwa hiyo siku ile angeiona kwenye picha tu. Mimi nilichonacho ni giza na kipande cha kitambaa cheupe. Nimejaribu kuivuta kwenye kompyuta, sura zikawa chembechembe kama uji wa ulezi uliopikwa na mtu mwenye haraka.

Tangu siku hiyo nimekuwa mwanafunzi wa triga. Asubuhi nasoma, mchana nasoma, wateja wa picha za pasipoti wanasubiri mimi nasoma. Kuna triga zinazofika mbali na kuna zinazokata mtu akipita katikati. Kuna flashi za betri ndogo nne zinazotaka kupumua kila zikiwaka, ukibonyeza kabla hazijapumua unapata giza. Kuna zenye betri moja kubwa, hizo hazikusubirishi. Watu wanabishana kurasa na kurasa, mwavuli au boksi la kitambaa, na hakuna hata mmoja anayesema ufanye nini upepo ukiondoka na vyote viwili. Mimi nafunga ndoo ya mchanga kwenye stendi. Hilo sijalisoma popote.

Jamaa wa Dar alinisikiliza mara moja tu akauliza, "Dada, uko chaneli ya ngapi?"

Sikujua. Kumbe triga ina kitufe kidogo pembeni, na chaneli ziko kumi na sita. Yangu ilikuwa kwenye ya kwanza, kama ilivyotoka dukani. Akaniambia kama kuna mwenzangu ana triga kama yangu kwenye chaneli hiyo hiyo, basi yeye akibonyeza, flashi inayowaka ni yangu, na mimi nikibonyeza baada yake naikuta bado inapumua. Akashauri nichukue aina mpya inayofungwa kwa namba ya siri, na ile flashi ya zamani nimrudishie apunguze bei.

Nilikaa chini nikajicheka. Wapiga picha wa mji huu karibu wote tulinunua triga duka moja pale sokoni, msimu mmoja, aina moja. Na tunavyojifanya mafundi, hakuna aliyegusa kile kitufe.

Alhamisi nilikuwa na sendofu hapa mjini, ya kumuaga binti anayeolewa. Nikahamia chaneli ya saba. Loo, flashi ikatulia kama mtoto aliyeshiba. Kila nikibonyeza, inawaka. Nisipobonyeza, kimya. Nilitamani kupiga vigelegele pale pale.

Kisha nikamwona Mzee Denisi.

Alikuwa ameletwa na upande wa bwana harusi. Amesimamisha stendi yake na flashi yake juu, kama kawaida. Anabonyeza, anatazama kioo cha kamera. Anabonyeza tena, anatazama tena. Akageuka akaitazama stendi yangu, siyo yake. Akaitazama kwa muda. Halafu akaenda kukaa kwenye benchi la nyuma, kamera mapajani, wakati bibi harusi mtarajiwa anakata keki.

Flashi yake haikuwaka hata mara moja jioni ile. Nikaanza kukumbuka. Kwa miezi kadhaa sasa, ni sherehe gani nimeiona ikiwaka? Hakuna. Ilikuwa imefia pale juu ya stendi, anaibeba ionekane tu.

Niseme ukweli, maana hapa sina wa kumdanganya. Kwanza nilifurahi. Nikasema moyoni, ahaa, kumbe ni wewe, mzee mzima unaniibia mwanga, unaniharibia watoto wa watu. Nikapiga keki ile kwa madaha, picha nyingi kuliko keki yenyewe.

Furaha haikufika nyumbani. Huyu mzee ndiye aliyenifundisha mwanga kabla sijamiliki hata kamera. Enzi zile hakuna cha triga. Nilikuwa nashika shuka jeupe limevutwa kwenye fito, nalirusha jua kwenye nyuso za maharusi, mikono inakufa ganzi, naye anafoka, "Inua! Siyo hivyo! Unamulika kuku!" Leo nimebonyeza kitufe kimoja, nikamzimia taa mbele ya watu.

Ijumaa na jana sikufanya kitu cha maana.

Leo asubuhi, katikati ya mahubiri, Mungu anisamehe, akili ilikuwa kwenye triga. Ndipo likanijia. Kama kule Mwimbi flashi iliwaka kwa ajili yake, basi mwanga niliokosa mimi aliupata yeye. Pale nilipo na giza, yeye ana picha. Felista yupo. Yupo kwenye kamera ya Mzee Denisi.

Ila ili nimwombe hiyo picha, lazima ajue kwamba nimejua.

Nilitoka kanisani nikapita mtaa wa mbali makusudi, nikitafuta sababu ya kutokwenda. Sikuipata. Nilimkuta uani anachambua maharage kwenye ungo, ameupa upepo mgongo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa, usinizibie jua."

Nikakaa, nikachambua naye maharage. Tukaongea habari za mavuno, za baridi, za goti lake. Mwishowe nikasema kwamba kuna mtoto nilimkosa Mwimbi, wa bibi mmoja wa Msanzi, labda yeye alimpata.

Mkono wake ukasimama kwenye ungo.

"Umejua lini?"

"Alhamisi."

"Alhamisi nilikuona," akasema. Akanung'unika kitu kwa Kifipa, nadhani hakikuwa kwa ajili yangu. Kisha akaniambia flashi yake ilikufa kabla ya Pasaka, na fundi akasema hiyo ni ya kuzika. "Sherehe ya kwanza nilibonyeza kwa mazoea tu, nikaona mwanga. Nikasema, eh! imefufuka. Kumbe yako."

"Ungeniomba, Mwalimu."

"Ningeomba ungenipa. Ndiyo maana sikuomba."

Nilitaka kukasirika, hasira haikuja. Nilitaka kulia, nikaona aibu mbele ya maharage ya watu.

Akaingia ndani akatoka na kamera. Akapekua taratibu, akaisogeza karibu na pua kwanza, kisha akanipa. Picha ndiyo hiyo. Dole gumba la Askofu kipajini, krisma inang'aa. Felista kafumba macho kwa nguvu, kama mtoto anayesubiri sindano. Bibi yuko nyuma, mkono begani kwa mjukuu, ameinua kidevu kwa fahari. Mwanga umekaa shavuni kwao wote wawili. Mwanga wangu. Ningeipiga mimi isingekuwa nzuri vile, na hilo linauma, acha liume.

Halafu nikaona pembeni, nyuma ya bega la Askofu, kuna mwanamke ameinamia kamera yake. Midomo ameikunja, paji la uso lina mikunjo, anaonekana amechoka kuliko watu wote kanisani. Ilinichukua muda kumtambua.

"Nilitaka kukukata," Mzee akasema, "nikaona acha."

Nikamshukuru. Nikamwambia picha ile jina lake litakuwepo nyuma, bibi ajue nani aliipiga. Akapunga mkono kama anayefukuza nzi. Nikasimama kuaga, nikidhani tumemaliza vizuri. Ndipo akanitolea la moyoni.

"Na hiyo stendi yako unaiweka juu mno. Macho ya watu yanakuwa mashimo. Tangu Pasaka navumilia tu."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye hakucheka. Alikuwa amekereka kabisa, mtu aliyepewa mwanga mbovu wa bure miezi yote hiyo na hakuwa na mahali pa kulalamika.

Nimerudi hapa nimefungua picha zangu za tangu Pasaka, moja moja. Mzee yule kasema kweli. Mashimo.

Kwa hiyo nimeamua, ingawa nimechoka kuamua. Nitanunua flashi ya betri kubwa na triga yake, ile inayofungwa kwa namba, iwe ya kazi yangu, isiguswe na mtu. Jamaa wa Dar nimeshamwandikia kwamba flashi ya zamani haiendi popote. Jumamosi masista wanaweka nadhiri za daima, na Mzee Denisi atakuwepo. Ile ya zamani nitaisimamisha upande wake, chaneli ya kwanza, betri mpya, na ndoo ya mchanga miguuni. Sitamwambia kitu. Atabonyeza, ataona. Na stendi nitaishusha, nisije nikatukanwa bure.

Picha ya Felista nimeshaichapa, nakala mbili, moja ya bibi na moja ya kwenda Mbeya. Nilishika mkasi nikataka kujikata pale pembeni. Nikauweka chini.

Nimempigia bibi kupitia kwa jirani. Safari hii nimemwambia ukweli wote, kwamba mimi niliikosa, mzee mmoja akaipata, na maneno ya kusafisha yalikuwa uongo. Akasema atakuja na basi la asubuhi. Sijui anakuja kunisamehe au kunisema. Yote nimestahili.

Najua ataishika picha kwa mikono miwili, ataiangalia weee, halafu ataweka kidole pembeni aulize, na huyu aliyenuna nyuma ya Askofu ni nani?

Ni mimi, bibi. Hapo natafuta taa yangu imekwenda wapi.