Pikipiki Yangu Imeacha Kutoa Moshi na Kijiji Kinaningoja

Bi Twaiba wa gazetini, shikamoo. Naomba unisikilize mpaka mwisho ndipo unikaripie, kwani mke wangu Mbinya amekwisha kunikaripia na sikupata nafuu yoyote.

Mimi nauza mayai. Nafuga kuku hapa Kikoneni, na mara tatu kwa wiki nafunga matrei nyuma ya pikipiki yangu kuukuu nayapeleka mahotelini Diani, na kwa miaka kumi na mmoja niliyokaa hapa hakuna aliyewahi kuniita kwa jina langu, nilikuwa "yule Mkamba wa mayai", basi, na ngoma za harusi nilizisikia nikiwa kitandani kwangu. Sasa baada ya zile mvua kubwa pikipiki ikaanza kuchoka, kilima kidogo tu inakohoa na kuzimika, nikaipeleka Ukunda kwa Bwana Swabir auzaye spea, akafungua plagi akaitazama akasema, "Bwana Kitheka, injini hii imejaa masizi kama sufuria ya pilau isiyosuguliwa." Akaniuzia chupa ya dawa ya kusafishia injini, akaniambia nitie kifuniko kimoja kwenye tangi lililojaa petroli, na nisishtuke nikiona moshi kidogo, ni masizi yanatoka. Bi Twaiba, nilitia chupa nzima. Nilifikiri kama kifuniko kimoja kinasafisha, chupa itaifanya mpya.

Nilipoingia Kikoneni nikageuka nyuma nisione barabara. Moshi mweupe, mzito, umefunika maduka na mbuzi, na watu wanapiga kelele, nikadhani wananitukana, kumbe wanashangilia! Mzee Boga, ambaye ndiye mzee wa kijiji chetu, alinisimamisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Tumeililia dawa ya mbu tangu mvua zilipoanza," akasema, "kumbe watu wa afya wamekutuma wewe, mwenzetu!" Nilitaka kusema hapana. Lakini mwenzetu, Bi Twaiba! Nikajikuta nasema, "Naam, mzee. Nianzie wapi?"

Nilizunguka nyumba moja baada ya nyingine, narudi kinyumenyume mpaka ekzosi inaelekea mlangoni, kisha naivumisha, na waliomo ndani wanakohoa na kunishukuru kwa pamoja. Ajabu ni kwamba wiki ile mbu walipungua kweli. Nikaletewa muhogo, nikaletewa madafu, jirani yangu Bi Dama akaniletea jogoo, mimi mfuga kuku, na nikaalikwa harusi mbili nikakaribishwa jamvini pamoja na wazee.

Taabu ilianza pale Bi Dama alipokata chandarua chake akakifanya cha kuchujia tui, akisema hakina kazi tena. Mimi na Mbinya bado tunalala ndani ya chetu, na asubuhi moja Bi Dama aliingia akakiona akauliza, "Na nyinyi mwaogopa mbu?" Nikamjibu ni cha kuzuia vifaranga wasipande kitandani. Hatukuwa na kifaranga hata mmoja chumbani, ikabidi niwalete kumi na wawili wakae, na hiyo ndiyo sababu Mbinya hasemi nami.

Kisha mjukuu wa Bi Dama, Waziri, mtoto wa miaka minne, akashikwa na malaria, akalazwa hospitali ya Msambweni siku nne. Amepona, namshukuru Mungu. Nilikwenda kumtazama nikiwa nimekata shauri kuungama, na kabla sijafungua mdomo Bi Dama akaniambia, "Kosa ni langu, mwanangu. Siku ile ulipopita, dirisha la nyuma nilikuwa nimelifunga." Nilitoka nje bila kuungama, nikaisukuma pikipiki kwa mkono mpaka barabarani.

Sasa Mzee Boga ametangaza kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi kila mtu atoe vitanda nje nifukize kijiji kizima, na amemwalika afisa wa afya aje ajifunze kwangu. Na pikipiki imepona! Haitoi moshi hata wa sigara moja. Nimetia chupa mbili zaidi, ndiyo kwanza inanguruma vizuri. Nilimwuliza Swabir kama ana dawa ya kurudisha masizi, akacheka hata akakaa chini. "Injini ni safi," akasema. "Haina cha kutoa." Fundi mwingine amenishauri nichanganye oili nyingi na mafuta ya taa, moshi utatoka lakini injini itakufa. Je, niiue pikipiki, au niseme kweli nirudi kuwa Mkamba wa mayai?

Kitheka, Kikoneni


Marahaba, Kitheka. Nimecheka mpaka nilipofika kwa Waziri, hapo kicheko kikanikauka.

Pikipiki yako haikuua mbu hata mmoja. Mvua zilikatika, madimbwi yakakauka, mbu wakapungua wenyewe, na wewe ukapokea jogoo wa watu. Ulichowapulizia majumbani ni masizi na dawa ya injini, vitu ambavyo hata wewe ungekimbia kama ungefukiziwa kitandani. Mshukuru Mungu kwamba walikohoa tu. Halafu ukalala ndani ya chandarua, na mwenye kukata chake ukamdanganya kwa vifaranga! Mbinya ana haki ya kunyamaza. Ningekuwa yeye ningehamia bandani, niwaachie kuku kitanda.

Hata hivyo nimekuelewa. Miaka kumi na mmoja bila kuitwa kwa jina ni mingi, na neno moja tamu barabarani limekulevya. Lakini Bi Dama amejitwika kosa lako, na kila jioni analitazama dirisha lake kana kwamba ndilo lililomlaza mtoto. Huwezi kumwachia mzigo huo hata siku moja zaidi.

Mafuta ya taa usiyaguse. Watoe vifaranga chumbani, kisha ukanunue chandarua kipya uende kwa Bi Dama kabla hujakwenda kwa mtu mwingine yeyote. Usimwachie mlangoni ukakimbia. Keti, mwambie kila kitu, pamoja na habari ya chupa nzima. Atakutukana, na wewe msikilize mpaka amalize. Huku kwetu mgeni hatumtukani, twamstahi tu na kumpa kiti. Ukisikia anakutaja kwa jina lako na la babako, jua umeshaingia nyumbani.

Kisha nenda kwa Mzee Boga. Jumamosi msiivunje. Vitanda vitoke, afisa wa afya aje, awaonyeshe watu jinsi ya kufunga vyandarua na kumwaga maji yaliyotuama makoponi na vifuuni. Wewe utasimama mbele yao, uiwashe pikipiki, waone kwa macho yao kwamba haina moshi, na useme kwa kinywa chako moshi ule ulitoka wapi.

Jambo la mwisho. Hukuniomba nifiche jina lako wala la kijiji chako, nami kwa ajili ya wengine wenye kukata vyandarua sikuyaficha. Gazeti hili hufika Kikoneni yapata saa nne asubuhi. Ikiwa umelipatia Ukunda na sasa ni saa tatu, acha mayai hapo hapo ulipo ukimbie kwa Bi Dama kabla halijafika.